Mililita Sita

Sikumpenda yule sista wa nasari, ile wodi ya watoto wachanga, na mpaka leo simpendi. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni, akanitazama kuanzia viatu vyangu vilivyojaa vumbi la mawe mpaka kofia, akauliza, "Wewe ni baba?"

"Mimi ni mjomba."

"Huku ni kwa akina mama. Mjomba kazi yake ni kununua daipa."

"Mama ya mtoto ako wodi ile ingine, hata hajui leo ni siku gani. Nani atakaa na mtoto?"

"Nyanya?"

"Alikufa."

"Shangazi? Hata jirani? Kwani nyinyi mliangushwa na mti?"

Nilivua kofia nikabaki nimesimama palepale. Nikiamua kusimama mahali, mimi husimama. Akina mama walipita na vikombe vyao vya maziwa wakinizunguka kama nguzo ya stima. Ilifika wakati sista akachoka kunitazama, akanitupia gauni la kijani. "Osha mikono mpaka kwa kiwiko. Mara tatu. Hiyo vumbi yako ikiingia hapa ndani nitakutoa na ufagio."

Mtoto alikuwa ndani ya inkubeta, amefunikwa kofia ya sufu, na mirija ya oksijeni puani. Kilo moja na gramu mia moja. Mimi huchonga mawe ya kujengea katika machimbo yaliyo mashariki ya Thika, na nyundo yangu ndogo kabisa inamshinda uzito. Dada yangu alikuwa amemzaa mimba ikiwa ya miezi saba. Asubuhi ile alianguka chumbani kwetu mtaa wa Landless, macho yakageuka, mwili ukarukaruka. Presha ya mimba. Hospitalini hapa Thika walimpasua siku hiyohiyo ili wawaokoe wote wawili. Baba ya mtoto ni kijana mwanafunzi aliyekuwa amepanga Kahawa Wendani, karibu na hosteli ambapo dada yangu aliwafulia wanafunzi nguo. Simu yake ilizimwa siku aliyoambiwa kuna mimba. Sitaandika mengi juu yake. Hastahili wino.

Lazima niseme jambo moja la zamani, na silisemi ili nihurumiwe. Mama yetu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia. Ndugu za baba walikuja mazishini, wakala, wakaondoka na mbuzi wetu wawili, na shuleni sikurudi. Tulibaki watatu: mimi, ndugu yangu wa katikati ambaye siku hizi anafanya kazi mbali, na huyu dada, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama. Uji niliwapimia kwa kifuniko cha chupa ya chai. Kifuniko kimoja, kila mtu. Dada yangu alipomaliza chake alikuwa akiinua kile kifuniko juu ya uso wake, ametoa ulimi, akingoja tone ambalo halikuwemo. Nilipoanza kulipwa machimboni niliweka sheria moja nyumbani: kwangu mtoto hapimiwi. Anakula mpaka asukume sahani mwenyewe. Sheria hiyo niliishika miaka ishirini, na ndiyo iliyokaribia kumuua mtoto wa dada yangu.

Mtoto wa mapema namna ile hajui kunyonya. Wanampitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Maziwa ya mama yanakamuliwa, yanamiminwa ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, unaliinua kidogo, yanashuka yenyewe polepole. Kila baada ya saa tatu. Wauguzi wa wodi ile nyingine walimsaidia dada yangu kukamua hata alipokuwa haoni vizuri, nami nilibeba kikombe mpaka nasari nikiwa nimekifunika kwa kiganja. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni nililisha mimi. Usiku walilisha wauguzi.

"Usisukume," sista aliniambia mara ya kwanza. "Hiyo si mtaimbo."

Kwa bahati mbaya alikuwa anaijua kazi yake.

Siku ya tano mtoto alianza kupumua mbio. Mbavu zilizama na kuinuka kama ngozi ya ngoma iliyolegea. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akanipa kifaa chake cha masikioni nisikie mwenyewe. Nilisikia kama mashine ya kusaga unga ikinguruma kutoka mtaa wa pili, bila kupumzika.

"Hiyo sauti haifai kuwa hapo," akasema. Alirarua kipande cha katoni ya glavu, akanichorea moyo na mishipa miwili mikubwa inayotoka ndani yake, na katikati ya hiyo miwili akaweka daraja fupi. "Mtoto akiwa tumboni, mapafu hayana kazi. Hewa anapewa na mama. Kwa hivyo damu haipiti sana mapafuni, inapitia hapa, njia ya mkato. Akizaliwa, akianza kupumua, hii njia inajifunga yenyewe kwa siku mbili tatu. Hawa waliokuja mapema, mara nyingi haifungi."

"Kwa hivyo moyo umetoboka?"

"Hapana. Ni njia iliyokuwa na kazi, na sasa kazi imeisha. Damu inarudi mapafuni nyingi kuliko inavyotakikana. Mapafu yanalowa. Moyo unachoka."

Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotarajia. Machimboni mvua ikinyesha shimo linajaa, na pampu ikishindwa hakuna anayechonga jiwe. Nikamwambia hivyo. Akasema ndivyo, sawasawa kabisa.

Aliniambia kwamba kwa watoto wengine husubiri tu na mshipa hujifunga, lakini wa huyu ulikuwa mpana na pumzi yake ilikuwa inaharibika. Angempa parasetamoli kwa siku tatu.

"Ile ya kichwa?"

"Hiyohiyo. Inasaidia huo mshipa kujikunja. Ikikataa tunarudia. Ikikataa tena, ni upasuaji wa kuufunga, na huo haufanywi hapa. Na tunapunguza maji yote yanayoingia mwilini. Maziwa yanatoka kumi na nne, yanakuwa nane."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia. Na nilisikia. Maji niliyaelewa. Maziwa sikuyaweka katika hesabu ya maji.

Saa sita mchana nikapima mililita nane. Zilikwisha kabla mkono wangu haujachoka. Mtoto akaanza kufungua na kufunga mdomo, ametoa ncha ya ulimi. Sista akaja akachukua kikombe kilichokuwa na maziwa zaidi ya nusu, akayamwaga kwenye sinki akafungulia maji. Maziwa ya dada yangu, aliyokamuliwa akiwa na sindano mikono yote miwili. Nilimwangalia yule mwanamke mgongoni na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Saa tisa alipoitwa upande wa pili, nilimimina nane, zikashuka, kisha nikamimina sita nyingine. Kijiko kimoja cha chai na tone juu yake. Mtoto akalala. Nilijiambia amelala kwa sababu ameshiba.

Nikafanya hivyo kila mara nilipomlisha, siku tatu. Sikuona kama ninaiba. Niliona ninarudisha.

Siku ya pili ya dawa alitokea mama ya yule kijana. Alikuja na gari kutoka Mugutha, amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa lake, na wenzake wawili nyuma yake. Nilimkuta kando ya kitanda cha dada yangu.

"Mimi ndiye cucu ya huyo mtoto," akasema. Miezi yote ile ya mimba hatukumwona hata kivuli, na leo yeye ni nyanya. "Nimeambiwa moyo una shimo."

"Si shimo, Mama. Kuna mshipa haujafunga."

"Na wanampatia dawa gani?"

Nilikosea kumjibu. Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Moyo, parasetamoli! Hata mimi niko nayo hapa kwa mkoba. Kumbe mimi ni daktari wa moyo na sijui!" Mmoja wao akacheka akiwa ameziba mdomo. "Wewe kijana, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Na ndiye unaelezewa mambo ya moyo."

"Kijana wako ako chuo kikuu na hajui kushika simu."

Akamwinamia dada yangu kwa sauti nyingine kabisa, laini. Kulikuwa na hospitali ya kibinafsi Ruiru, daktari wa huko alikuwa mtu wa kanisa lao. Mtoto angebebwa leo hii. Dada yangu atie sahihi tu kwenye karatasi ya kumtoa, basi. Nilikuwa nimeshamuuliza daktari wetu juu ya kuhamishwa, akaniambia mtoto anayepumua vile, kwenye gari la mtu, bila oksijeni, hafiki hata Juja, katikati ya njia. Nikalisema hilo kwa sauti.

"Huyu mchonga mawe anataka mtoto afie hapa," mama ya kijana akawaambia wenzake.

Uso wa dada yangu ulikuwa umevimba mpaka macho yalikuwa mistari miwili. "Ngojeni hizo siku tatu za dawa ziishe," akasema. "Ikionekana haijafunga, nitaweka sahihi."

"Sawa. Kesho kutwa. Nitakuja na gari."

Sikuogopa. Mtoto alikuwa anaongezeka uzito. Nilikuwa nikimwona kwenye mizani kila asubuhi, na moyoni nilikuwa nimeshamshinda yule mwanamke.

Asubuhi iliyofuata siku ya tatu, mizani ilionyesha zaidi ya gramu mia moja zimeongezeka tangu dawa ianze. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mjinga. Daktari hakucheka. Aliangalia faili, akaangalia mizani, akampima mtoto mara ya pili.

"Nimempunguzia maziwa. Huu uzito unatoka wapi?"

Sista alikagua dripu tone kwa tone. Ilikuwa sawa. Daktari akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akauachilia, na alama ya kidole ikabaki pale, kijishimo, haiinuki.

"Haya ni maji," akasema.

Akamsikiliza. Mashine ya kusaga ilikuwa palepale. Walileta mashine ya kupiga picha ya moyo, yenye magurudumu, wakapitisha kifaa chake kifuani, na kwenye kioo mshipa ulikuwa wazi kama mwanzo. Oksijeni iliongezwa. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu kuzunguka mdomo.

"Dawa imekataa," sista akasema.

Mlangoni, dada yangu alikuwa amefikishwa kwa kiti cha magurudumu, na aliyekisukuma ni mama ya yule kijana. Karatasi ilikuwa tayari kwenye mapaja ya dada yangu. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Gari, nikaambiwa, lilikuwa getini.

Nataka kuandika kwamba nilisema mara moja. Sikusema mara moja. Nilisimama na bomba la sindano mkononi nikiwaza kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe, na mtoto ataenda Ruiru kwa sababu dawa imekataa, na akifia njiani atakuwa amefia mikononi mwa yule mwanamke wala si mikononi mwangu. Niliwaza hivyo. Sijawahi kumwambia mtu. Dada yangu alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekuwa nikimwongezea."

"Kumwongezea nini?" daktari akauliza.

"Maziwa. Mililita sita."

"Mara moja?"

"Kila mara niliyomlisha. Tangu dawa ianze."

Sista hakupiga kelele. Alikuja akanitoa bomba mkononi, kidole kimoja kimoja, kama anavyonyang'anywa mlevi kisu.

"Ngai!" mama ya kijana akasema. "Muuaji amekaa hapa siku zote, na amevalishwa gauni!"

Daktari alikuwa anaandika. Mara ngapi kwa siku, saa ngapi, kiasi gani. Nilimjibu yote. Alipomaliza akainua macho. "Kwa nini?"

"Alikuwa na njaa."

"Hakuwa na njaa. Alikuwa anazama."

Dada yangu ndiye aliyeuliza swali la maana, akiwa bado ameshika kalamu. "Kwa hivyo dawa haijakataa?"

"Sijui," daktari akasema, na nilimheshimu kwa kutodanganya. "Pengine ingekataa hata bila yeye. Lakini siwezi kusema imejaribiwa vizuri. Ningempa dawa ya kukojoa hayo maji, halafu turudie siku tatu, na maziwa yapimwe vile nimesema."

Mama ya kijana akagonga karatasi kwa kidole. "Maliza kuandika. Baada ya huyu, bado unawaza nini?"

"Siweki sahihi, Mama."

"Hata baada ya huyu?"

"Hata baada yake." Kisha dada yangu akanigeukia. Tangu utotoni ananiita wa maitu, wa mama yetu, na siku hiyo aliniita hivyohivyo, ila kwa sauti ambayo sikuijua. "Na wewe wa maitu, usimlishe mtoto wangu tena. Hata tone."

Mama ya kijana akakunja karatasi yake. "Akifa, msinipigie."

"Hatuna namba yako," dada yangu akamwambia.

Kwa siku mbili nilikaa kwenye benchi la korido. Sista alikuwa ameandika kwenye plasta nyeupe, akaibandika kwenye inkubeta kwa herufi kubwa: MJOMBA HALISHI. Kila mama aliyeingia aliisoma, kisha akatoka kuja kunitazama. Mmoja mwenye mapacha alipita na kikombe chake akasema, "Mjomba, chai yangu usiongeze, tafadhali." Wenzake wakacheka. Nilistahili. Machimboni niliomba ruhusa nikapewa maneno makali pamoja na ruhusa. Sikwenda nyumbani ila kulala. Dada yangu aliletwa kwa kiti kila baada ya saa tatu, akalisha, akarudishwa, na njiani akanipita akiangalia ukuta. Hakuna aliyenieleza mtoto anaendeleaje. Nilihesabu mwenyewe kupitia kioo cha mlango: mbavu zinazama kiasi gani, zinainuka mara ngapi.

Siku ya tatu, mchana, sista alitoka akasimama mbele yangu na lile gauni la kijani.

"Mama yake presha imepanda tena, amerudishwa kitandani mpaka saa tisa. Mtoto anataka joto la ngozi. Vua shati."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa kulisha. Hakuna mtu amesema usiwe jiko. Vua shati, na uoge kwanza pale, unanuka benchi."

Alinikalisha kwenye kiti, akaniwekea mtoto kifuani, uchi isipokuwa daipa na kofia, akatufunga pamoja kwa leso kama mzigo. Kisha akaondoka na bomba, kikombe, kila kitu kilichoweza kushika maziwa, akaviweka mbali kabisa, akinitazama ili nione kwamba ameviweka mbali. Mama wa mapacha akasema, "Haiya, leo mjomba amezaa!" Sikumtazama. Mtoto hakuwa na uzito wowote. Nilisikia mguu wake mmoja ukinisukuma chini ya titi, na ngozi yangu iliyokwaruzwa na mawe nikaona aibu nayo.

Daktari alitukuta hivyo. Hakuniambia niinuke. Aliinama, akapitisha kifaa chake kati ya kifua changu na cha mtoto, akafumba macho. Kisha akakisogeza. Kisha akakisogeza tena. Wale akina mama wakaweka vikombe vyao chini mmoja mmoja.

"Siisikii," akasema.

Niliinuka nusu na kiti. "Moyo?"

"Kaa chini! Moyo uko. Ile sauti. Siisikii ile sauti."

Hakuyaamini masikio yake, akaita mashine ya magurudumu. Kwenye kioo alinionyesha mahali palipokuwa na njia. Palikuwa na uzi mwembamba tu, ambao alisema atauangalia tena baada ya wiki, na alidhani utakwisha wenyewe. Maziwa yangerudi kidogokidogo: tisa, kesho kumi.

"Bahati yako," sista akaniambia. Ilikuwa kweli.

Saa tisa dada yangu aliletwa. Sista alikuwa ameshamwambia njiani; niliona kwenye macho yake. Alinyoosha mikono, nami nikafungua ile leso nikamwekea mtoto mapajani. Alimwangalia kifuani muda mrefu, mbavu zikiinuka bila haraka. Akachukua bomba, akamimina, akaliinua usawa wa jicho, akapunguza kidogo, akaliinua tena. Halafu akatulia nalo hewani.

"Toka kwanza," akaniambia. "Nimlishe."

Nikatoka, shati mkononi.